Babu zetu walipeleka wapi malalamiko yao?

SWALI: Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa akisema kwamba enzi za Mwingereza waliandika barua kuomba kisima na barabara. Je, bwana shauri (mkuu wa wilaya wa kikoloni) akikataa, walikuwa na pa kukimbilia? – Msomaji, Lindi

JIBU: Walikuwa napo, ijapokuwa njia ilikuwa ndefu. Kutoka kwa bwana shauri wa wilaya, barua ilipanda kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana, Dar es Salaam. Tangu mwaka 1946, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa (Mwingereza akiitawala chini ya uangalizi wa umoja huo), mwananchi aliweza pia kuliandikia Baraza la Udhamini, ambalo kwa kifungu cha 87 cha Mkataba wa umoja huo lilikuwa na mamlaka ya kupokea maombi na kutuma wajumbe kuzuru nchi. Haki hiyo koloni la kawaida, kama Kenya, halikuwa nayo.

Kusikilizwa, hata hivyo, hakukuwa kutendewa. Wameru walioondolewa na serikali kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini mwa nchi, mwaka 1951 walimtuma mwakilishi wao, Kirilo Japhet, hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Alisikilizwa, lakini ardhi hawakurudishiwa papo hapo.

Kwetu kusini, kazi kubwa za serikali zilifuata mahitaji yake yenyewe: bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, yaani mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa mashamba makubwa, nao ulipokufa, reli hatimaye iling'olewa. Kisima cha kijiji kilisubiri foleni.