Kurusha roketi Januari huko Minnesota: parachuti kwanza

Dada, umeuliza kama kijana wako arushe tu roketi yake ndogo ya mfano na klabu yake hiyo Jumamosi hata kama baridi itashuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Arushe bana, ila parachuti ndo itawasumbua. Ile ya plastiki ikikaa imekunjwa kwenye baridi inakakamaa, roketi inafika juu vizuri halafu parachuti inatoka kama kifurushi na haifunguki, kwa hiyo msiikunje nyumbani, ipakeni poda ya mtoto muikunje pale pale uwanjani dakika za mwisho kabla ya kurusha. Injini zisilale kwenye gari, baruti iliyo ndani yake ikipata baridi na joto kwa kupokezana inaweza kupata ufa na roketi ikalipuka. Betri za kiwashio aziweke mfuko wa ndani wa koti, zikipoa zinakosa nguvu. Akibonyeza isiwake, atoe ufunguo wa usalama kwenye kidude cha kurushia, asubiri sekunde 60 ndo asogee, hata kama vidole vinaganda, hapo usimlegezee kabisa. Na kama roketi yake ni nyeupe ipakeni rangi ya machungwa, kwenye theluji hamtaiona.