Jibu: Peugeot 504 inakatakata, kutu kwenye tangi

Ndugu yangu, umesema Peugeot yako ililala miezi hapo Malindi, sasa inakatakata ukiikanyaga, na fundi anataka ununue pampu. Usinunue bado. Chota mafuta ya chini ya tangi uyatie kwenye chupa ya kioo, uiache nusu saa. Yangu ilitulia hivi: petroli juu, chini maji kama chai ya rangi, na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Gari likilala na nusu tangi, unyevu wa huku pwani hugeuka maji ndani ya bati.

Ukiona hivyo, tangi lishushwe. Toa geji ya mafuta kwanza, boya lake lisivunjike. Tia mnyororo mfupi na maji ya sabuni, mlitikise watu wawili (majirani watadhani kuna ngoma). Suuza, jaza siki nyeupe, liache siku moja au mbili. Kisha maji yenye magadi kuua ule ukali, likaushe kabisa papo hapo na ulisuuze kwa petroli kidogo. Ukichelewa, kutu mpya hurudi kabla ya magharibi.

Dunga bati la chini kwa bisibisi. Likitoboka, tafuta tangi jingine. Na fundi akitaka kuchomelea tundu, eti "hamna mafuta humu", mkatalie: kinacholipuka ni mvuke, na tangi tupu limejaa huo.

Filta ya petroli weka ile ya plastiki inayoonyesha ndani. Utabadilisha mbili tatu kabla uchafu haujaisha.