Shemeji anayeingia bila hodi

SWALI: Sheikh, mdogo wa mume wangu anaishi nasi. Mume akisafiri, huingia hadi chumbani bila hodi, nami natakiwa nikae naye akila. Nikijitanda ndani, mama mkwe husema najidai, kwamba kimila shemeji ni mume mdogo, na kwa kuwa hawezi kunioa ni mahram wangu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, swali lako limenisumbua, maana wanaokulaumu ni watu wa swala na saumu.

Shemeji si mahram. Eti hawezi kukuoa! Ukiwa na mume, hata jirani hawezi kukuoa. Je, naye tumwite mahram? Mahram ni uliyeharamishiwa kuolewa naye milele, kwa nasaba, kunyonya au ukwe, kama baba mkwe. Huyu, kaka yake akifa na eda ya miezi 4 na siku 10 ikaisha, ana haki ya kukuposa. Sura An-Nur, aya ya 31, imewataja ambao mwanamke anaweza kuwadhihirishia mapambo yake: baba wa mume yumo, watoto wa mume wamo. Ndugu wa mume hayumo.

Tena Mtume (s.a.w.) alipokataza wanaume kuingia kwa wanawake, Ansari mmoja, yaani Mwislamu wa Madina, aliuliza kuhusu ndugu wa mume. Akajibu: "Huyo ni mauti." Imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Wapo wanaosema hiyo ni kwa mwenye nia mbaya. Nani kawaambia? Hadithi haikutaja nia. Mgeni akiingia, mtaa mzima unauliza. Shemeji akiingia, hakuna anayegeuza shingo, na hatari iko hapo hapo.

Mila hatuzitupi zote. Mafakihi, wanazuoni wa sheria, wamezipa nafasi yake, mradi zisigongane na andiko. Hii ya "mume mdogo" imegongana, hata kama huanza kwa utani.

Hukuambiwa umnunie kijana wa watu wala umnyime chakula. Msalimie kwa adabu, pakua, funika, mwachie mezani, uondoke. Lakini mzigo huu si wako peke yako. Mama mkwe akiyasikia kwako ataona unamfukuza mwanawe. Mumeo ndiye wa kuzungumza na mama yake na mdogo wake, tena kabla ya safari nyingine. Akiondoka, kijana akalale kwingine, au mama mkwe mwenyewe aje akae nawe. Na komeo la chumbani tia leo, usingoje kikao cha ukoo.