Penseli Saba Chini ya Godoro

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwanangu ana miaka 4, kila nikimpa penseli analia. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kilio hicho nakijua.

Mwanangu wa kwanza nilimfundisha kuandika kwa vitisho. Kila jioni ukurasa mzima wa a, ukurasa mzima wa k, nami nimemsimamia mgongoni. Akikosea nafuta, arudie. Siku moja natandika kitanda chake, nakuta penseli saba chini ya godoro. Saba! Nikamgombeza. Mwalimu wake alipomwita mvivu mbele ya wenzake, nami niliitikia kwa kichwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mkono wa mtoto una wakati wake. Wengi huweza kuiga duara wakiwa na miaka 3 hivi, msalaba karibu na 4, pembetatu karibu na 5. Sasa k ina mishazari miwili, na mimi nilikuwa naidai kwa mtoto ambaye hata msalaba ulikuwa bado unampiga chenga.

Kwa wa pili, daftari nililificha mimi mwenyewe. Nikampa udongo afinyange, vibanio vya nguo abanebane, sinia la mchanga achore kwa kidole. Si uvumbuzi wangu. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase huku wakitamka sauti zake. Nami nikakata msasa mpaka vidole vikachubuka. Na mtoto? Alitaka g peke yake, kwa sababu ya gari. Wiki mbili nzima, g. Niliuma ulimi nisimwambie "haya, sasa h".

Muda ukapita. Asubuhi moja nikakuta karatasi mlangoni kwake: USIGIE, na S imeangalia upande usio wake. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa na jambo la kusema, akalisema. Sikusahihisha kitu, herufi kugeuka katika umri ule ni kawaida. Nilibisha hodi.

Kwa hiyo, dada yangu, weka penseli kando kwanza. Kalamu za rangi zivunje ziwe fupi, asipate pa kushika kwa ngumi, vidole vitajipanga vyenyewe. Bandika karatasi ukutani achore akiwa amesimama. Udongo, udongo, udongo. Na sisi wazazi tuache kushindanisha watoto! Unakimbilia wapi na mtoto wa miaka 4? Jirani akijigamba kuwa wake anaandika jina lote, mpongeze, nenda zako.

Mkubwa wangu sasa ana miaka 11 na mwandiko wake unapendeza kuliko wangu. Ila nikimwomba penseli, huniuliza kwanza naitakia nini.