Kuchora na Kufundisha Chuo: Ninayowaambia Wanaotaka Vyote Viwili

Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanapoanza kuhesabu miezi iliyobaki, swali huwa ni lilelile: nitafute ajira chuoni au nibaki na brashi yangu? Wengi wanaoniuliza wameshasikia mtaani kwamba mhadhiri wa sanaa ni msanii aliyeshindwa kuuza. Maneno hayo siyakubali, na historia ya ukanda wetu haiyakubali pia.

Gregory Maloba, aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyopo Kampala tangu 1962, alikuwa mwalimu Makerere. Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alifundishwa sanaa na Margaret Trowell palepale Makerere, akaenda shule ya sanaa ya Slade kule London, kisha akarudi kufundisha. Mchoro wake wa 1956, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ulichukuliwa na MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 1960. Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu London, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu huyo alikuwa na majukumu mengi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa, na migomba yake ya Kilimanjaro aliendelea kuichora.

Kwa hiyo inawezekana. Ila nimefanya kazi hizi mbili kwa muda wa kutosha kujua linalowaangusha wengi, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze. Chuo kitakupa mshahara, wanafunzi, maktaba na heshima ya wazazi wako. Muda wa kuchora hakitakupa. Huo utauchukua mwenyewe, na usipoanza kuuchukua wiki ya kwanza ya ajira, mwaka wa tano utajikuta unaitwa msanii kwa sababu tu ndivyo ilivyoandikwa mlangoni kwako.

Kabla ya hapo kuna mlango wa kuingilia kwenye ajira yenyewe, na tuumalize haraka. Matangazo ya kazi za mhadhiri msaidizi Tanzania kwa kawaida hutaka GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 shahada ya uzamili. Wachoraji wengi wazuri niliowafundisha walikosa nafasi kwa sababu ya masomo ya nadharia waliyoyadharau: historia ya sanaa, mbinu za utafiti, hata zile kozi za lazima za mwaka wa kwanza. Kama una wazo lolote la kufundisha, usingoje mwaka wa tatu ndipo uanze kusoma. GPA haisubiri uamuzi wako.

Sasa tuje kwenye muda. Ratiba ya muhula kabla haijafungwa, nenda kamwone mkuu wa idara, umwombe vipindi vyako vikusanywe pamoja. Mimi naomba Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Jumatano na Jumamosi ni za studio, na wenzangu wanajua. Usikubali kuwa na kipindi kimoja kimoja kila siku kwa kudhani kwamba utachora katikati. Saa mbili kati ya vipindi hazitoshi, kwa sababu nusu saa ya kwanza inaishia kwenye kuchanganya rangi na kukumbuka ulipoishia, na nusu saa ya mwisho unaosha brashi huku ukiangalia simu. Saa hizo zitumie kusahihisha, kujibu barua pepe, kufunga kitambaa kwenye fremu, kuchora vijichoro kwenye daftari.

Kuna jambo dogo ambalo limeniokoa zaidi ya yote. Kila ninapofunga studio nabandika kipande cha utepe wa karatasi pembeni ya kazi na kuandika kinachofuata: "bega la kushoto, punguza bluu", au "usiguse uso, subiri ukauke". Nikirudi baada ya siku nne, sikai nikiikodolea macho. Nasoma, nachanganya rangi, naanza. Mtu asiye na ajira anaweza kungoja hisia zimjie saa yoyote ya mchana. Mwenye vipindi Alhamisi saa mbili asubuhi anahitaji kuandikiwa, na wa kumwandikia ni yeye mwenyewe wa jana.

Halafu kuna kazi za pembeni. Chuoni, mtu wa sanaa ndiye anayetafutwa kwa mapambo ya mahafali, mabango ya semina, nembo ya mradi wa kitivo kingine, zawadi ya mgeni rasmi. Zote huja na sauti ya upendo: "Mwalimu, wewe dakika tano tu." Usiwe mkali, lakini usiseme ndiyo hapohapo. Jibu ninalolitumia ni hili: "Nitafanya kwa furaha, naomba tu niletewe barua kupitia idara ili iingie kwenye majukumu yangu ya muhula." Baadhi ya maombi yanaishia hapo. Yanayokuja na barua unayafanya vizuri, na mwisho wa mwaka unapojaza fomu za tathmini yanaonekana.

Hapohapo kwenye tathmini, uliza mapema sana jinsi idara yako inavyohesabu maonesho. Vyuo vyetu vinapandisha watu vyeo kwa machapisho zaidi. Mahali pengine onesho la mtu mmoja lenye katalogi linahesabiwa, pengine linapigiwa makofi tu halafu unaulizwa makala iko wapi. Ukijua hilo tangu mwanzo, utaandika makala kutokana na kazi yako ya studio badala ya kuiacha studio ukaanzishe utafiti mwingine kabisa. Mfano ninaoupenda ni Lilian Nabulime, mchongaji na mhadhiri wa Makerere. Alipofanya uzamivu wake Newcastle, Uingereza, alitengeneza sanamu ndogo za sabuni zinazoshikika mkononi, ili watu waweze kuzungumzia UKIMWI na miili yao bila kutahayari. Sabuni kila nyumba inaijua. Sanamu ni yake, swali la utafiti ni lake, na vyote ni kitu kimoja. Hakuhitaji maisha mawili. Tafuta swali lako la aina hiyo, linalokufanya uchonge mchana na uandike usiku bila kubadili mada.

Vifaa visikutie unyonge. Edward Saidi Tingatinga alichorea hadibodi kwa rangi zenye kung'aa za kupakia baiskeli, pale Oysterbay, na jina lake leo ni jina la mtindo mzima. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, anachora kwenye lubugo, lile gome la mti linalopondwa Uganda hadi kuwa kitambaa, na kazi zake ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Unaloweza kulaumiwa ni uzembe wa ufundi. Ukienda kwa seremala, Keko au popote, chagua mwenyewe mbao zilizokauka, maana mbao mbichi itapinda ikiwa tayari ukutani kwa mteja. Mwambie apige randa kingo za ndani za fremu ziinamie nyuma kidogo. Zikibaki bapa zitachapa mstari kwenye kitambaa, na mstari huo hautoki. Kisha chukua futi kamba, pima kimshazari kutoka kona hadi kona ya upande wa pili, mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, fremu imekaa sawa. Visipolingana, usilipe bado.

Na ukisafirisha kazi bila fremu, ikunje kwenye bomba pana, upande wenye rangi ukitazama nje. Watu wengi wanaukunja ndani wakidhani wanaulinda, na rangi inajikunyata na kupasuka. Nailoni ya mapovu, ile yenye vipovu vya hewa ya kufungia vitu, isiguse rangi moja kwa moja. Kwenye joto la Dar rangi ya akriliki inalainika, na kazi itafika na alama za mapovu uso mzima. Weka kwanza karatasi laini isiyonata, nailoni ikae juu yake.

Tuje kwenye bei, mahali ambapo mwenye mshahara anawaumiza wenzake bila kujua. Kwa kuwa mwisho wa mwezi unajua utakula, unashawishika kuuza kwa bei ya kirafiki. Jirani yako wa studio, asiye na ajira, anauza kazi kama hiyo ili alipe kodi ya nyumba. Ukishusha, umemshushia naye. Panga bei kwa ukubwa, uiandike, uishike. Tuseme mchoro wa sentimita 90 kwa 120 unauzwa shilingi 900,000. Galari nyingi huchukua kati ya asilimia 30 na 50, tuseme 40. Hapo 360,000 imeondoka, umebaki na 540,000. Toa kitambaa, mbao, rangi, vanishi na usafiri, tuseme 150,000. Kilichobaki ni 390,000 kwa kazi ya wiki kadhaa. Ukiitazama hesabu hiyo kwenye karatasi, huwezi tena kumwambia mtu "nipe chochote". Bei ya studio na bei ya galari iwe moja. Mwenye galari akigundua kwamba mteja aliyemleta yeye amenunua kwako nyumbani kwa nusu bei, hatakupigia tena, na ana haki.

Unapoacha kazi kwenye galari, acha na hati: jina la kazi, mwaka, ukubwa, bei, kamisheni, tarehe ya kurudishwa, na siku ngapi baada ya mauzo utalipwa. Sahihi mbili, nakala mbili. Wapo wenye galari waaminifu wanaokuletea hati hiyo wenyewe. Asiyetaka kuisaini amekwisha kukupa jibu lake.

Piga picha kila kazi kabla haijatoka, mchana kivulini, bila flashi, ukiwa umesimama mbele yake, usawa wa katikati. Ziweke kwenye kompyuta na mahali pengine nje ya nyumba. Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania, akiwa na wenzake, kiliungua mwaka 1997, na zikapotea kazi na kumbukumbu ambazo hakuna wa kuzirudisha. Kila nikisoma habari za moto ule roho inaniuma, kwa sababu ile ilikuwa kumbukumbu yetu sote, Watanzania kwa Wakenya.

Picha hizo zina kazi nyingine. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Aliyenunua mchoro amenunua mchoro. Haki ya kuuchapa kwenye kalenda au fulana imebaki kwako, isipokuwa umeiachia kwa maandishi. Kampuni moja ilichapa kazi yangu kwenye kadi za sikukuu bila kuniuliza. Kilichonisaidia ni picha yenye tarehe na nakala ya risiti. Tuliandikiana, wakalipa.

Mwisho nizungumzie darasa lenyewe, maana wapo wanaolichukulia kama mzigo wa kubeba ili wafike studio. Darasa limenifundisha kuona. Mwanafunzi anapouliza kwa nini kivuli cha mtu mweusi kwenye jua la saa sita si cheusi, unalazimika kutafuta jibu kwa maneno, na ukirudi kwenye kanvasi yako unakiona kivuli hicho kwa macho mapya. Angalia tu wasianze kuchora kama wewe. Wanafanya hivyo kwa heshima na kwa kutafuta maksi. Mimi kazi zangu sizitundiki kwenye chumba cha vitendo, na nawapeleka kuona za wengine, kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kule Mikocheni, Dar, au popote penye onesho wiki hiyo. Mwanafunzi akiniletea mchoro unaofanana na wangu, namwuliza nyumbani kwao dirisha linatazama wapi, na kazi inayofuata aichore kutoka hapo.

Ukihitaji msaada studio, waite wanafunzi: kufunga vitambaa, kupaka jeso (rangi nyeupe ya kutangulizia), kubeba kazi siku ya kutundika. Watajifunza mambo ambayo mtaala hauna. Lakini mkubaliane malipo kabla, kila mmoja umpe pesa yake siku hiyohiyo, nauli kando. Na mwanafunzi akiwa kwenye darasa lako muhula huo, mtafute mwingine, asije akadhani maksi zake zinapitia kwenye mgongo aliobebea fremu zako.