Vitamini D: kidonge kikavu au cha mafuta?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana miaka 68. Alivunjika mkono, akaandikiwa vitamini D na kalsiamu. Hapa Ujiji duka moja lina vitamini D ya vidonge vikavu, jingine lina vile laini vya mafuta, bei karibu mara mbili. Muuzaji anasema vikavu "vinapita tu". Mama humeza vyote alfajiri kwa chai ya rangi kabla hajala, pamoja na omeprazole ya vidonda vya tumbo. Ninunue vipi?

JIBU: Marahaba. Hela usiitoe kwanza, tuanze na hiyo chai ya alfajiri.

Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ili utumbo mwembamba uichukue inahitaji nyongo, na nyongo humwagika vizuri pale mafuta ya chakula yanapoufikia utumbo. Chai tupu haina la kuiamsha. Kidonge cha mafuta kina unafuu kwa sababu kimekuja na mafuta yake, ila ni tone tu. Mlo una zaidi. Mama akimeza kile kikavu mchana, katikati ya ugali na dagaa wa kukaanga kwa mawese, kitafanya kazi yake. Hayo ya "vinapita tu" ni maneno ya biashara. Na hivyo laini vikipigwa na joto dukani hugandana, kwa hiyo ukitikisa chupa na usisikie vikigongana, usinunue.

Mimi hela ningeipeleka kwenye kalsiamu. Soma ubavuni mwa chupa. Ikiwa ni kalsiamu kaboneti, inahitaji asidi ya tumbo, na omeprazole inapunguza asidi hiyohiyo. Ameze pamoja na chakula, au ulizia kalsiamu sitreti, ambayo haitegemei asidi. Usishangae vidonge vikiwa vingi: kaboneti ya miligramu 1250 ina kalsiamu yenyewe 500, sitreti ya uzito huohuo ina kama 260 tu. Kwa mara moja isizidi 500, maana kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo sehemu inayoingia mwilini inavyopungua. Agawe mchana na jioni.

Omeprazole asiiache kienyeji. Lakini kama ameitumia muda mrefu, mrudishe kwa daktari na umuulize kama bado anaihitaji, kwa sababu matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na kuvunjika mifupa, na yeye tayari ameshavunjika.