Tajiri akishika kalamu ya kocha: timu inaharibikia wapi, na pa kuanzia kurekebisha

Ndugu aliyeuliza ameeleza hali ya timu ya kwao hapa Nyanda za Juu Kusini. Iko Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, inamilikiwa na mfanyabiashara mmoja mwenye fedha na mapenzi ya kweli na mpira, lakini yeye ndiye anayesajili, ndiye anayepigia benchi simu mechi ikiendelea, na tangu Agosti wameshapita makocha watatu. Timu iko mkiani. Anauliza kama tatizo ni tajiri au ni wachezaji wabovu, na kama kuna lolote ambalo viongozi wadogo na wapenzi wanaweza kufanya.

Nimezizoea ofisi za timu za mikoa hii, za halmashauri, za majeshi na za watu binafsi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Kikosi cha kawaida chini ya kocha mmoja humaliza katikati ya msimamo. Kikosi hicho hicho kikiwa na mabosi wawili hushuka, hata kama bosi wa pili anaujua mpira vizuri. Mchezaji hutii mkono unaomlipa. Akishakuwa na namba ya tajiri kwenye simu yake, maneno ya kocha yanabaki kuwa ushauri.

Anzeni kuangalia bonasi, maana ndipo uharibifu unapoanzia na ndipo watu wengi hawapaoni. Timu imeshinda 1-0, tajiri anaingia chumba cha kubadilishia nguo na kitita, anampa mfungaji laki tatu na kipa laki mbili mbele ya wote, anaondoka akishangiliwa. Beki wa kushoto aliyeokoa mpira kwenye mstari anavua viatu kimya. Mechi inayofuata winga anapiga shuti kutoka mita 30 wakati mwenzake yuko peke yake ndani ya kumi na nane, na kocha akimfokea hana la kumwambia, kwa sababu mchezaji ameshaonyeshwa kipi kinalipwa. Tajiri alidhani anatia moyo.

Dawa yake ni jedwali la bonasi linalosainiwa kabla ya mechi ya kwanza ya msimu: ushindi nyumbani kiasi gani, ushindi ugenini kiasi gani, sare ugenini kiasi gani. Aliyecheza apate asilimia 100, aliyekaa benchi bila kuingia 70, aliyebaki nje ya orodha lakini amefanya mazoezi wiki nzima 40. Fedha ipite benki au kwenye simu ndani ya siku saba, na orodha aitume meneja wa timu baada ya kocha kuisaini. Tajiri akitaka kuongeza zawadi yake, na aongeze, lakini iingie kwenye chungu kimoja na kugawanywa kwa jedwali lile lile. Mtunza vifaa na daktari msiwasahau.

La pili ni mapumziko. Yana dakika 15, lakini kocha hana 15. Kutoka uwanjani na kurudi kunakula kama tatu, maji na matibabu madogo kama tatu nyingine, na mwishoni wachezaji wanatakiwa wanyooshe miili kidogo, hasa kwenye uwanja wa Sokoine, Mbeya, au Samora, Iringa, mwezi Juni kukiwa na baridi ile mnayoijua. Kocha anabaki na dakika sita au saba za kusema mambo mawili, labda matatu. Tajiri akiingia na kuongea dakika nne, hata kama anaongea ya maana, kocha anarudisha timu uwanjani bila kurekebisha kitu. Akisema "huyu namba sita atoke", ndiyo mbaya zaidi. Namba sita akibaki anacheza kwa woga, na akitoka wachezaji wamejua nani anapanga.

Simu ya benchi nayo ina hesabu yake. Sheria inaruhusu kubadilisha wachezaji watano, lakini kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu, ukiacha mapumziko. Tajiri akilazimisha mabadiliko dakika ya 52 na tena dakika ya 60, nafasi mbili zimekwisha kwa wachezaji wawili. Beki akiumia dakika ya 70 unatumia ya tatu. Dakika ya 85 mnaongoza goli moja, wachezaji wamekakamaa misuli, una wachezaji wawili wabichi benchi na huna ruhusa ya kuwaingiza. Watu jukwaani wanamtukana kocha kwa kuchelewa kufanya mabadiliko. Kanuni ya ndani iwe rahisi: simu ya meneja wa timu inazimwa tangu timu inapoingia chumbani hadi dakika 30 baada ya filimbi ya mwisho.

Sasa makocha watatu tangu Agosti. Gharama ya kwanza ni fedha. Tuseme kocha ana mkataba wa miaka miwili kwa milioni 3 kwa mwezi, na mkamfukuza baada ya miezi mitano. Imebaki miezi 19, yaani milioni 57, na kama mkataba haukuweka kikomo cha fidia atazidai kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la mpira nchini. Kifungu kimoja kinachosema fidia ni mishahara ya miezi mitatu kingeifanya iwe milioni 9. Wenye timu wengi husaini mikataba ya kocha bila mwanasheria kuigusa, kisha wanashangaa timu haina fedha ya nauli.

Gharama ya pili iko kwenye miguu. Kocha wa kwanza alianza na mazoezi ya taratibu, wa pili anataka kukaba kwa juu, karibu na goli la wapinzani, na anaongeza mbio ghafla, wa tatu anarudisha mazoezi ya mlimani asubuhi na mpira jioni. Mwili hauzoei mzigo unaopanda na kushuka namna hiyo. Mtaona misuli ya nyuma ya paja inachanika moja baada ya nyingine, kila jeraha wiki tatu au nne nje, na tajiri anasema wachezaji wavivu. Ndiyo maana kocha wa viungo, daktari na kocha wa makipa wawe na mikataba yao peke yao. Kocha mkuu akiondoka, daftari la mazoezi na kumbukumbu za majeraha zibaki klabuni.

Wanaotaka mfano mkubwa watazame Blackburn Rovers ya Uingereza. Wamiliki wapya waliinunua Novemba 2010, mwezi uliofuata wakamwondoa Sam Allardyce, na 2012 timu ikashuka. Msimu wa 2012/13 Henning Berg alidumu siku 57 na Michael Appleton siku 67. Mwaka 2017 wakaangukia daraja la tatu, klabu iliyokuwa bingwa wa England 1995. Na mfano wa nyumbani wa upande wa pili mnaujua: Mbeya City ilipanda Ligi Kuu 2013 na Juma Mwambusi, ikabaki naye, na msimu huo wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu.

Kuna jambo la kwetu ambalo sijaliona likiandikwa, nalo naliona zito kuliko kupanga kikosi. Matajiri wa mikoa hii fedha zao zina msimu. Mwenye mpunga wa Mbarali au Kyela ana fedha baada ya mavuno, katikati ya mwaka. Novemba na Desemba fedha iko kwenye mbolea, mbegu na vibarua. Ligi inaanza baada ya mavuno akiwa na fedha, kwa hiyo anasajili kwa mbwembwe na kuahidi mishahara mikubwa. Kufika Januari hadi Machi, wakati ligi inaamuliwa, fedha iko shambani. Mwenye mbao naye mvua zikianza magari yanakwama msituni. Mshahara unachelewa mwezi, wa pili, naye kwa aibu anaacha kupokea simu, au anatafuta wa kulaumiwa na kumfukuza kocha. Kelele nyingi za ufundi zinazotoka kwa wamiliki mwezi Februari chanzo chake ni mshahara ambao haujalipwa.

Pigeni hesabu naye Julai, akiwa na fedha. Wachezaji 28 kwa wastani wa laki nane ni milioni 22.4. Benchi la ufundi watu saba kwa wastani wa milioni 1.2 ni milioni 8.4. Jumla milioni 30.8 kwa mwezi, na mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 juu yake, milioni 3.08. Mishahara ya Januari, Februari na Machi peke yake, bila NSSF, ni milioni 92.4. Fedha hiyo iwekwe akaunti ya pekee yenye saini mbili, ya tajiri na ya mhasibu, kabla ya kusajili mchezaji wa kumi na tano. Kama haipo, punguzeni kikosi kiwe 24 au shusheni mishahara mapema. Mchezaji atakubali laki sita zinazofika tarehe 30 kuliko laki tisa za kusubiri.

Msipofanya hivyo kanuni zipo. FIFA inasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili akiandika notisi na kutoa angalau siku 15, bila kulipwa, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Anaondoka bure, na bado anadai. Deni likifika mbali klabu inafungiwa kusajili, na hapo hata tajiri akipata fedha haimsaidii dirisha likifunguliwa.

Safari ni sehemu nyingine ya kubana matumizi kwa hasara. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, unashuka Kitonga, unapita Mikumi, saa 12 hadi 14 kwa basi. Mwanza nayo ni safari ndefu. Tajiri akisema timu iondoke Ijumaa alfajiri kwa mechi ya Jumamosi saa kumi, wachezaji wanatoka mji wa mita 1,700 juu ya bahari wenye baridi, wanafika usiku kwenye joto la pwani, miguu imevimba kwa kukaa. Kipindi cha pili wanatembea. Siku mbili kabla ya mechi ndiyo kiwango cha chini, na safari ikatwe kwa kulala Iringa au Morogoro. Kinachookolewa kwenye usiku mmoja wa hoteli hakifikii pointi tatu.

Usajili sitauchambua sana. Kila mchezaji awe na fomu ya saini nne: kocha anathibitisha nafasi inahitajika, daktari amempima magoti na moyo, mhasibu amethibitisha mshahara uko kwenye bajeti, tajiri anasaini mwisho. Akisaini wa kwanza wengine watatu wataogopa, na mtajikuta na washambuliaji sita na beki wa kushoto mmoja.

Watu hutaja Marekani, kwamba kule wamiliki wanaingilia na timu zinaishi. Zinaishi kwa sababu ligi yao ya NFL, ya mpira wa Kimarekani, haina kushuka daraja, na fedha za televisheni zinagawanywa sawa. Dan Snyder aliinunua timu ya Washington 1999, alimwondoa Marty Schottenheimer baada ya msimu mmoja tu, na katika misimu 24 timu ilishinda mechi mbili za mtoano. Mwaka 2023 aliiuza kwa zaidi ya dola bilioni 6. Huku kwetu hakuna kinga hiyo. Kwenye Ligi Kuu ya timu 16 wa mwisho wawili wanashuka moja kwa moja, na KenGold ya Chunya ilipanda 2024, ikashuka 2025. Mwenye timu wa huku makosa yake yanahesabiwa ndani ya mechi 30.

Kumwendea tajiri, msiende kwenye mkutano wa wanachama wala redioni. Akiaibishwa anaondoka na mpira wake, na mshahara wa mwezi huo hauna mtu. Waende watatu anaowaheshimu, mmoja awe mzee wa mji, wakiwa na karatasi ya hesabu. Mpeni anachokiamua: bajeti, lengo la msimu, na kumteua kocha mara moja. Mpeni kikao cha Jumatatu cha dakika 45 na kocha, ambapo anauliza swali lolote la kwa nini fulani hakucheza na kocha anawajibika kujibu. Kwenye kikao hicho hapangi wa Jumamosi ijayo. Tathmini ya kocha iwe mechi ya 10 na ya 20, kwa vigezo vilivyoandikwa tangu mwanzo. Mwenye timu anayepata majibu Jumatatu hupunguza sana hamu ya kupiga simu Jumamosi.

Na kabla ya yote hayo, hakikisheni jina la timu ni mali ya nani. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, ndiyo iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 na kukata mfululizo wa mechi 49 bila kupoteza. Timu ikahamia Singida, na 2024 ikawa Singida Black Stars. Cleveland ya Marekani ilipohamwa na timu yake ya NFL 1996, mji ulipigania ukabaki na jina la Browns, rangi na kumbukumbu zote, na 1999 timu mpya ikaanza kwa jina hilo hilo. Nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mkatazame jina na nembo ya timu yenu vimesajiliwa kwa nani, na kwa Msajili wa Vyama vya Michezo mwombe nakala ya katiba. Kama nembo haijasajiliwa na mtu, isajiliwe kwa chama cha wanachama wiki hii, wakati tajiri bado anaipenda timu na hana sababu ya kukataa.